Uzi wa Kijani: Fundi Mifuko wa Kolwezi Anayeandika Habari za Meli

Saa nne na nusu asubuhi, Brigitte Kapinga amepiga magoti katika ua wa watu, mtaani Manika, Kolwezi, mji wa migodi kusini mwa Kongo, akikagua ukuta wa bafu. Ukuta wenyewe ni mfuko wa plastiki iliyofumwa, ule mkubwa wa kubeba tani nzima, uliopasuliwa ubavuni na kuzungushwa kwenye miti minne. Anashika pindo la chini, analigeuza, analisogeza karibu na macho kama mtu anayetafuta chawa kwenye nguo.

Mwenye ua, Princesse Nkongolo, amesimama pembeni yake, mikono kiunoni. Hajafurahi na wala hafichi.

"Mama Brigitte, njo weye uliniuzishaka hii mufuko," anasema kwa sauti ya kufika barabarani. "Miaka mbili niliwekaka bunga ya bukari mule ndani. Batoto balikulaka. Leo unakuya kuniambia ilikuwa na sumu?" Kwa Kiswahili cha Kolwezi, bukari ni ugali, na njo ni ndiyo.

"Njo mi, mama. Sikatae hata kidogo," anajibu Brigitte bila kuinuka. "Nakuomba tu uniache niangarie chini yake."

Huu ni ua wa sitini na moja tangu mwezi Juni. Katika nyua sitini za kwanza amefukuzwa na mbwa, amemwagiwa maji ya kufulia, na mahali pamoja mzee mmoja wa kanisa alimwambia aende kutubu kwanza ndipo arudi. Anatafuta mfuko mmoja tu. Bila huo, makala aliyoifanyia kazi kwa miaka minne haitachapishwa, na watu wenye karatasi yenye mhuri wataendelea kusema kwamba mdogo wake aliunguzwa na kitu ambacho hakikuwepo.

Brigitte ana miaka arobaini na mitatu. Kwa kazi ya mikono ni fundi wa mifuko. Kwa kazi ya pili, ambayo majirani wengi hawaijui, ni mwandishi wa habari za meli. Kila mwezi makala yake hutoka katika jarida moja la mambo ya bandari linalochapishwa Dar es Salaam. Anaandika kuhusu meli zinazoleta kemikali za migodi na meli zinazoondoka na shaba na kobalti. Bahari hajawahi kuiona. Kutoka hapa alipopiga magoti hadi gati la Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita elfu mbili za barabara.

Babu yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, na baba yake, Antoine, akarithi kazi katika karakana ya mgodi pamoja na vumbi lake. Mishahara ya mgodi ilipokatika, Brigitte akatoka shule akiwa kidato cha tatu, masomo ya biashara. Alichobaki nacho ni mwandiko mzuri na sindano ya mama yake.

Sindano ya kawaida haipiti katika mifuko ile. Unahitaji sindano nene, kiganja kilichofungwa kipande cha ngozi, na uzi usiooza. Uzi wake aliupata katika mji wa Fungurume kwa mtu anayeshona maturubai ya malori: nailoni ya kijani, bunda zima. Hakuna fundi mwingine sokoni aliyekuwa nao. Alikunja pindo la chini kuelekea ndani, akapiga mishono miwili sambamba, na kila baada ya shibiri akafunga fundo. Mfuko wa Brigitte haukuachia, na wateja walijua.

Jinsi mifuko inavyotoka migodini kila mtu wa Kolwezi anaijua, ila ukiuliza ofisini kila mtu anashangaa. Inaingia getini ikiwa imejaa kemikali za kuchenjulia madini. Ikishamwagwa inatakiwa kuchomwa moto. Lakini yule aliyepewa kiberiti ana familia, na mfuko mmoja mtupu ulimpa faranga elfu tatu. Brigitte alinunua, Ntumba mdogo wake akaosha, Brigitte akashona, sokoni ukauzwa elfu sita.

Mifuko iliyopendwa kuliko yote ilikuwa na picha mbili ndani ya viboksi vya pembe nne. Picha moja ilikuwa na samaki na mti. Nyingine ilikuwa na mkono ambao juu yake yanadondoka matone. Akina mama wa sokoni walizisoma kama mtu mwenye akili yoyote angezisoma.

"Samaki na muti, tulisema ni chakula," anaeleza Brigitte. "Mukono na mayi inadondoka, tulisema ni sabuni, banatuambia tunawe mikono. Tulifurahi! Mufuko ya sabuni, iko propre, safi, hata mbele ya kuisafisha. Njo ile tuliuzisha bei ya juu, sababu batu balitaka kuweka bunga."

Kumbe samaki yule amekufa. Mti ule umenyauka. Mkono ule unaliwa na kemikali hadi kwenye mfupa. Alama hizo zilichorwa ili mabaharia wasiungue, wapakuzi wa bandarini wasiungue, na madereva wasiungue, na katika kila kituo cha safari kuna mtu aliyelipwa kuwafundisha maana yake. Masomo yakaishia kwenye geti la mgodi. Baada ya geti, ambako mfuko unaishi miaka mingi kuliko ulivyoishi baharini, hakuna aliyeona haja ya kumweleza mwanamke mwenye beseni. Inakera, na gazeti hili halina sababu ya kuisema kwa upole.

Tarehe 16 Februari 2021, Ntumba alikuwa akiosha mifuko kijitoni, upande wa Mutoshi. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Alikung'uta mfuko wa samaki uliokuwa na mabaki ya unga wa manjano katika mkunjo, unga ukaingia majini, maji yakamrukia usoni.

Brigitte alimpeleka hospitali kwa pikipiki. Muuguzi alimmwagia maji machoni bila kupumzika na kuuliza ni dawa gani. Brigitte hakujua. Akarudi kijitoni kwa pikipiki ileile, na kwa kuwa hakuwa na karatasi, akanakili kila kilichoandikwa kwenye mfuko juu ya mkono wake kwa kalamu, herufi kwa herufi, kuanzia kifundo hadi kiwiko.

"Nilifika, nikamuonyesha ule muganga wa hospitali mukono. Ye pia hakuyua ile luga. Tulisoma tu Dar es Salaam na namba, basi. Siwezi kumukasirikia. Alimuosha na mayi, njo ile alikuwa nayo. Mi nakasirikia ule aliandika bintu yote ile na hakuandika hata neno moya ya shi, batu ba hapa."

Jicho la kushoto la Ntumba lilikufa. La kulia linaona mwanga na kivuli.

Kinachofuata Brigitte anakisema haraka, akiangalia pembeni. Siku tatu baadaye alishona mifuko kumi na miwili iliyobaki, ukiwemo ule uleule, na kuiuza. Nauli ya hospitali ilihitajika, na mafuta ya kupaka machoni. Pindo la chini, lililokuwa na ile namba, alilikunja ndani na kulipigia mishono yake miwili kama kawaida. Hakumbuki alimuuzia nani.

Namba ile aliihamisha kutoka mkononi hadi kwenye daftari kabla hajaoga. Kisha akaanza kuuliza. Kwa mwaka mzima alizunguka maegesho ya malori akiwaonyesha madereva ukurasa mmoja. Wengi walimcheka. Wengine walidhani anatafuta mume.

Aliyemsikiliza ni Kabasele, dereva wa masafa marefu mwenye tumbo na subira. Alimketisha kwenye ngazi ya lori, akatoa bahasha ya karatasi zake za safari na kumwonyesha mahali ambapo namba kama zile huandikwa, juu kidogo ya jina la meli.

"Nilimuambia, mama, ile namba inatoka na bato, njo meli," anakumbuka Kabasele. "Weye unatafuta ku barabara, lakini barabara ni mukia tu. Kichwa iko ku mayi."

Safari iliyofuata, Kabasele alimbembeleza karani mmoja wa forodha huko Dar es Salaam, akarudi na picha kwenye simu. Shehena yenye namba ile ilishushwa Desemba 2020 na meli iitwayo Perla Vidoma. Brigitte aliliandika jina hilo daftarini na kulipigia mistari miwili.

Dimitri, mwenye kibanda cha kuchapa na kutoa nakala, ndiye aliyemfungulia bahari. Alimwonyesha kwenye kompyuta ramani ambayo meli zote za dunia zinaonekana kama vishale vya rangi. Brigitte alilipa nusu saa, akalipa nyingine.

"Mi nilifikiriaka bahari haina kitu," anasema, na hapo kwa mara ya kwanza anacheka. "Kumbe iko na embouteillage kupita Kasumbalesa!" Kasumbalesa ni mpaka wa Kongo na Zambia, ambako malori hupanga foleni kwa siku nyingi.

Alijifunza meli inakaa siku ngapi nje ya bandari, nani analipa ikichelewa, na kwa nini bei ya chokaa hupanda Kolwezi wiki tatu baada ya mvua kunyesha gatini. Mwaka 2023 Dimitri alimwonyesha jarida la bandari lililosifu usalama wa usafirishaji wa kemikali, likiandika kwamba "mifuko yote huteketezwa mgodini baada ya matumizi." Brigitte aliisoma sentensi hiyo, akatoka nje, akarudi, akaomba kalamu.

Alijaza kurasa nne. Dimitri alizichapa na kuzituma kwa jarida hilo bila kumtoza. Baada ya wiki mbili mhariri akajibu kwa mstari mmoja: "Wewe ni nani, na una mengine?"

Alikuwa nayo mengi. Makala ya kwanza ilirudi kutoka Dar es Salaam imejaa alama nyekundu, kwa sababu Kiswahili cha Kolwezi na cha jarida havivai kiatu kimoja. Aliinakili yote upya kwa mkono ili ajifunze. Tangu hapo hajakosa hata toleo moja. Analipwa dola hamsini kwa makala, na nusu inaishia kwenye intaneti na nauli. Wenzake wengi katika jarida hilo walisomea mambo ya bahari au wametumika melini. Yeye aliingilia mlango wa takataka, na mpaka leo kuna wasomaji wanaoandika kuuliza kama kweli yupo.

Mwezi Mei mwaka huu aliona yuko tayari kwa makala aliyoiahirisha tangu mwanzo. Aliiandikia kampuni iliyoagiza shehena ya Perla Vidoma, ambayo jina lake hatulitaji kwa sababu makala ya Brigitte bado haijatoka, akauliza mifuko ile ilikwenda wapi. Jibu lilikuja na mtu: Baudouin, mwakilishi wa kampuni hapa Kolwezi, aliyevaa shati lililonyooshwa vizuri, akiwa na cheti chenye mhuri. Kwa mujibu wa cheti, mifuko yote ya namba ile ilichomwa moto tarehe 9 Februari 2021.

Hiyo ni wiki moja kabla ya Ntumba kuungua.

"Nilimuuliza, baba, njo kusema ndugu yangu aliunguzwa na majivu?" anasema Brigitte, na sauti inampanda. "Anacheka! Anasema, mama, shi tuko na karatasi, we uko na nini? Nikamuambia namba niliandika ku mukono. Anasema, wapi mukono? Ona, iko safi."

Kabla ya kuondoka, Baudouin alimwachia ushauri ambao Brigitte anaukumbuka neno kwa neno: "Leta mufuko, kama iko. Lakini ile siku utaonyesha mufuko, batu batauliza nani alishona na nani aliuzisha. Utabajibu nini?"

Mhariri naye hakumficha. "Ninakuamini," alimwambia kwa simu. "Lakini bila mfuko, hilo ni neno lako dhidi ya cheti chenye mhuri. Siwezi kutaja meli, wala namba, wala kampuni."

Ndiyo maana yupo magotini katika ua wa Princesse. Mifuko yenye samaki imejaa mjini: ni mapazia, ni paa za vibanda vya wachimbaji, ni mikeka ya kuanikia mihogo. Namba imefichwa ndani ya pindo, hivyo huwezi kuisoma bila kufumua, na huwezi kufumua ukuta wa bafu wa kila mtu. Lazima kwanza ujue ni mfuko wa nani. Tena jua limeshaubabua uzi wa kijani hadi ukafanana na nyuzi za mafundi wengine wote. Macho hayasaidii.

"Ntumba," anaita Brigitte. "Kuya."

Ntumba amekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Princesse, ambaye hakumtazama vizuri alipoingia, sasa anamtazama, na mikono inashuka kutoka kiunoni. Anamwongoza mwenyewe hadi bafuni.

Ntumba anachuchumaa na kupitisha vidole kwenye pindo, polepole, kutoka kushoto. Aliishi na mifuko hiyo miaka sita, aliikunja, aliilalia. Vidole vinasimama. Vinaendelea shibiri moja. Vinasimama tena.

"Kuko fundo," anasema. "Na hapa fundo. Yaya, njo yako." Yaya ni dada mkubwa.

Kabla ya leo amesema hivyo mara tano, na mara tano namba ilikuwa ya shehena nyingine. Brigitte anaomba wembe. Princesse anauleta. Brigitte anakata shibiri moja tu ya mishono yake mwenyewe na kufungua mkunjo. Ndani, ambako jua na maji havikufika, wino ni mweusi kana kwamba ulipigwa jana.

Anasoma kwa sauti, tarakimu moja moja. "Saba. Sifuri. Nne. Nne."

"Moya, tisa, mbili," anamalizia Ntumba kwa kichwa.

Ndiyo namba ile ya daftarini. Kisha Brigitte anakaa chini kabisa, kwenye udongo wenye maji ya sabuni, na kulia kwa hasira. Anatukana. Anamtukana Baudouin, cheti, mhuri na aliyeupiga, na mwishoni anajitukana mwenyewe kwa Kiluba cha bibi yake, maneno ambayo Princesse anaomba tusiyaandike.

Simu ya kwanza ni kwa mhariri, ambaye anapiga kelele ya furaha hadi wote tunaisikia. Halafu anashusha sauti. Anashauri apige picha ya namba peke yake, kwa karibu, bila mshono. Makala inaweza kutoka bila jina lake. "Nakulinda wewe, mama," anasema. "Watakugeuzia kibao."

Princesse amesikia. Naye, kwa sababu anazozijua mwenyewe, anakubaliana na mhariri. "Kata uzi yote, mama Brigitte. Dakika mbili tu. Nani atayua kama njo weye ulishona?"

Wembe bado uko mkononi. Brigitte anautazama, anautazama mfuko, kisha anaukunja wembe ndani ya karatasi yake na kuurudisha kwa mwenyewe.

"Kama nakata uzi, hii inakuwa mufuko ya bule," anasema. "Batasema ilianguka ku kamiyo ku barabara. Batasema iliibiwa. Uzi njo inaonyesha kama iliingia sokoni, na batu balikulia mule. Balidanganya kusema ilichomwa. Mi pia nidanganye kusema haikupitia ku mukono yangu? Hapana."

Anapiga picha tatu. Katika zote tatu vinaonekana pamoja: samaki aliyefifia, namba, na uzi uliokuwa wa kijani, ukining'inia pale ulipokatwa.

"Na batoto yangu?" anauliza Princesse. Hasira yake haijaisha, imehama tu mahali. "Balikula miaka mbili. Nani atanijibu?"

"Pole, mama. Nilikukosea. Nitaandika ile ulisema, kama unakubali."

Princesse anafikiri. "Andika. Weka jina yangu, Princesse Nkongolo, na batoto bane. Na bakuye kunichekea hapa, kama balicheka kwako."

Mfuko unafunguliwa kutoka kwenye miti, unakunjwa mara nne na kufungwa kwa kamba. Brigitte anaahidi kurudi kesho na mabati mawili ya kuziba bafu.

Mipango yake anayo, na haiombei msamaha. Anataka alama zile zielezwe kwa Kiswahili kwenye kila geti la mgodi na katika kila soko la Kolwezi, kwa gharama ya wanaoagiza kemikali hizo. Anataka macho ya Ntumba yatibiwe kwa fedha za waliotia saini cheti. Anataka kuikusanya mifuko mingine kumi na mmoja aliyoiuza wiki ile, ua kwa ua, hata wakimwagia maji tena. Na kwa mujibu wa ramani ya Dimitri, Perla Vidoma itafika gatini Dar es Salaam tena mwezi ujao. Kabasele ameahidi kiti cha mbele cha lori lake. Brigitte anataka kusimama chini ya meli hiyo akiwa na mfuko huo begani, na kuandika kinachoshushwa.

Lakini kwanza makala. Saa nane mchana yuko kwenye kibanda cha Dimitri, Ntumba pembeni yake, magoti bado yana udongo. Dimitri ameweka vidole kwenye kibodi, anasubiri. Anamuuliza jina la mwandishi aliweke wapi, juu au chini.

"Juu," anasema Brigitte.

Kisha anamsomea sentensi ya kwanza kwa Kiswahili cha jarida, taratibu, ili asikosee hata herufi: "Mfuko huu haukuchomwa moto. Niliushona mimi."